Kwa nini namtetea Max Thunderman

Watu wengi walioangalia The Thundermans ukiwauliza wanakumbuka yule sungura anayeongea, Phoebe akipuliza barafu, Billy anapita mbio mpaka vyombo vinaruka, afu basi, wanakwambia kile kipindi cha watoto bana, unacheka unaenda kulala. Mi nimeshindwa kuishia hapo. Nina neno langu na kile kipindi na neno lenyewe linamhusu Max, yule pacha wa kiume aliyejichimbia chini ya nyumba anataka kuwa adui wa dunia nzima, na kila nikisikia mtu anasema Max ni mtoto mbaya kuna kitu kinanipanda kifuani, kwahiyo leo naandika yote.

Kwa asiyeijua, haraka haraka. Ni komedi ya Nickelodeon ya Marekani, ilianza kurushwa tarehe 14 Oktoba 2013 ikaisha tarehe 25 Mei 2018, misimu 4, episodi 98. Aliyeibuni anaitwa Jed Spingarn, jina ambalo labda halikwambii kitu, ila kama ulikuwa unaangalia katuni ya Johnny Bravo basi ushacheka vitu alivyoandika huyu jamaa, maana alikuwa mmoja wa waandishi kule. Sisi huku tuliipata kwenye king'amuzi cha DStv, chaneli 305, na Nickelodeon unawajua, kipindi wanakirudia na kukirudia mpaka watoto wanamalizia sentensi kabla mwigizaji hajafungua mdomo. Mwaka 2016 ikachukua Kids' Choice Awards kama kipindi bora cha watoto, na tuzo ile wanapiga kura watoto wenyewe, hakuna kamati ya wazee wenye suti.

Stori yenyewe ni hivi. Familia ya Thunderman walikuwa wanakaa mji mkubwa unaitwa Metroburg, baba na mama wote masupahiro wenye jina, afu wakaamua kuachana na hayo mambo wakahamia kamji kadogo kanaitwa Hiddenville ili watoto wakue kama watoto wengine, waende shule, wapate marafiki, wale baga, na nguvu zao wazifiche. Baba ni Hank, anapaa na anabeba chochote. Mama ni Barb, umeme unatoka mikononi. Nora, yule binti mdogo wa mapinde kichwani, macho yake yanatoa miale ya leza. Billy ana mbio ambazo jicho halizioni. Chloe ndo kitinda mimba, anazaliwa kipindi kikiwa kinaendelea, yeye anapotea hapa anatokea kule. Na juu yao wote wako pacha wawili, Phoebe na Max, wanaochezwa na Kira Kosarin na Jack Griffo.

Sasa hapa ndo nataka tukae kidogo.

Ukiangalia hiyo familia kila mtu ana nguvu yake, hakuna anayefanana na mwenzie. Isipokuwa wale pacha. Phoebe na Max nguvu zao ni zile zile, wote wanasogeza vitu bila kuvigusa, wote wakipuliza wanaweza kutoa baridi inayogandisha au joto linalounguza. Wote wamezaliwa siku moja, tumbo moja, wamelelewa sebule moja na wazazi wale wale, mama hakumpa mmoja maziwa zaidi ya mwenzie. Na bado mmoja anataka kuwa supahiro mkubwa kuliko baba yake na mwingine anataka kuwa adui mkubwa kuliko maadui wote baba yake aliowahi kupigana nao. Waandishi wangeweza kabisa kumpa Max nguvu za kutisha, kitu cha giza giza, moshi mweusi sijui, mtazamaji akaelewa kwamba aah huyu kazaliwa hivo. Hawakufanya hivo. Wamempa pumzi ile ile ya dada yake. Kwa maoni yangu hilo ndo jambo la akili kuliko yote kwenye kipindi kizima, maana wamekufungia mlango wa kusema ni damu, na wamekufungia mlango wa kusema ni malezi, kilichobaki ni mtoto mwenyewe na anachokitaka na sababu ya kukitaka.

Na mi hiyo sababu naijua. Mi ni Doto.

Kwetu Usukumani pacha anayetangulia ni Kulwa na anayefuata ni Doto, haijalishi wa kike au wa kiume, majina yanakungoja kabla hujatoka. Phoebe alitangulia kwa sekunde tu, kwahiyo Phoebe ni Kulwa na Max ni Doto, na Kulwa wangu mimi ni dada, anaejua kupanga daftari, anaeamka bila kuitwa, anaeitwa mbele ya mstari asubuhi apokee zawadi huku mi niko nyuma nahesabu mawe. Simlaumu dada yangu hata kidogo, nampenda kuliko mtu yeyote na yeye ndo kanifundisha kusoma saa. Ila kuna mwalimu mmoja darasa la nne, kila akirudisha mitihani alikuwa anazishika karatasi zetu mbili kwa pamoja, moja mkono wa kulia moja mkono wa kushoto, anaziinua darasa zima lione, afu anauliza, hivi nyie kweli mmetoka tumbo moja? Watu wanacheka. Na mwaka huo huo nikawa mtoto mtundu kuliko wote pale shuleni, nikawa najulikana mpaka na wapishi, na nakumbuka vizuri sana ile raha ya kujulikana.

Ndo maana Max nilimwelewa kabla sijaielewa hata lugha anayoongea. Kama cheo cha mtoto mwema kwenye nyumba kimeshachukuliwa, na aliyekichukua anakikalia vizuri, hana dosari, mtu unabaki na nini? Unatafuta cheo ambacho hakina mtu. Max kaangalia nyumba nzima, baba shujaa, mama shujaa, dada anafanya mazoezi ya ushujaa asubuhi na jioni, nafasi iliyobaki wazi ni ya adui. Akaichukua. Na akaichukua kwa juhudi ambayo angekuwa kaielekeza kwenye hisabati angeshapewa skolashipu, maana mtoto yule anatengeneza mitambo, anapanga mipango yenye hatua, anasoma historia ya maadui wakubwa, ana nidhamu ya kazi. Mtundu ambaye ni mvivu yuko wapi, mi sijamwona bado.

Tulivyokuwa wadogo tukiangalia sinema mtaani, dunia ilikuwa na watu wa aina mbili, steling na adui. Steling hafi. Adui anakufa mwishoni na watu wanapiga makofi. Ilikuwa rahisi hivo, na mtoto akiitwa adui kwenye mchezo wa kuigiza alikuwa anajua kabisa kwamba dakika za mwisho yeye atalala chini. The Thundermans inamleta adui, inamketisha mezani, inampa sahani. Hapo ndo ilipotofautiana na kila kitu nilichokuwa nimeshaona.

Hebu fikiria ile nyumba vizuri. Chini, kwenye besimenti, ndo chumba cha Max, chenye mitambo yake na giza lake, na huko anakaa na Dokta Colosso, ambaye zamani alikuwa adui mkubwa wa baba yake na sasa amegeuzwa sungura mweupe. Sauti ya Colosso imefanywa na Dana Snyder na kwa kweli jamaa anaitendea haki, sungura mdogo mwenye kiburi cha mfalme aliyepinduliwa. Kwahiyo mtoto wa shujaa anafundishwa uovu na adui wa baba yake, ndani ya nyumba ya baba yake, na baba yake anajua. Mama anajua. Hakuna siri hapo, mtoto anatangaza mwenyewe kila siku kwamba akikua atakuwa muovu. Na jioni mama akiita chakula tayari Max anapanda ngazi anakuja kula.

Mi hiyo ngazi ndo nailia. Kwenye episodi zote 98 sijawahi kuona Hank na Barb wakikaa kikao cha kumtoa Max kwenye familia. Wanamwadhibu, ndio, sana tu, wanamnyang'anya vitu, wanamfungia ndani, Hank anapiga kelele mpaka mishipa inatoka, Barb anamtolea macho na vidole vinaanza kucheza cheche. Lakini adhabu zote zile anapewa kama mtoto wa pale. Hakuna anaemwambia sisi hatukuzaa mtu kama wewe. Hakuna anaeinua karatasi mbili hewani. Kuna wazazi wazuri kabisa, wacha Mungu, wanaolipa ada kwa wakati, ambao mtoto wao akikosea kitu cha kwanza wanachogusa ni uzawa wake, huyu kafata ukoo wa nani huyu. Hank na Barb ni watu wa kuchekesha, Hank hasa ni mlafi na anapenda sifa na amestaafu lakini moyo haujastaafu, ila kwenye hili wako juu sana.

Afu wakaongeza kitu kingine ambacho kwa kipindi cha watoto naona ni kizito. Phoebe anakuja kupata boifrendi, anaitwa Link, kijana mpole, mstaarabu, ana nguvu za ajabu na yeye. Baba yake Link ni nani? Ni Evilman, adui wa Hank wa miaka mingi. Hank anapagawa. Sisi tuna msemo, mtoto wa nyoka ni nyoka, na Hank bila kuujua msemo wetu ndo anaoishi nao wiki nzima, anamchunguza yule kijana, anamnusa nusa, anasubiri ateleze. Na Link hatelezi, kijana ni mwema tu. Sasa viweke hivi vitu viwili pamoja, mtoto wa adui mwema kabisa anapiga hodi mlangoni, na mtoto wa shujaa yuko chini anatengeneza mtambo wa kuharibu mji. Wanakuchekesha huku wanauvunja ule msemo kutoka pande zote mbili kwa mpigo. Nimetafuta kwenye vipindi vya watu wazima sijaona aliyeufanya vizuri hivo.

Kuna mtu atasema mbona vipindi vya watoto wenye nguvu vipo vingi. Vipo. Disney walikuwa na Wizards of Waverly Place kuanzia 2007 mpaka mwanzoni mwa 2012, na mi nilikipenda sana, Selena Gomez akiwa Alex, ndugu watatu wachawi juu ya duka la sandwichi la baba yao. Lakini kile kipindi kina sheria moja iliyokuwa inaninyima usingizi, kwamba mwisho wa yote ndugu watashindana na mmoja tu ndo atabaki na uchawi wake kamili, wengine wanapoteza. Kila upendo kati yao unaishi chini ya hiyo sheria. Ni urithi mmoja kwa watoto watatu, na sisi tunaojua kesi za viwanja vya marehemu baba tunajua hiyo stori inavyoishaga. The Thundermans wakafanya kinyume, nguvu zipo za kutosha wote, hakuna anaeweza kumaliza za mwenzie. Kwahiyo ugomvi wa Phoebe na Max hauwezi kuwa wa mali. Ni ugomvi wa nani anaonekana, nani anasifiwa, nani baba akiingia mlangoni anamtazama kwanza, na ndo ugomvi ambao watoto wengi wanao hata kama kwao hakuna kiwanja cha kugombea.

Na Henry Danger, iliyoanza Julai 2014, Nickelodeon hao hao, ile ni nzuri kwa namna yake. Pale Henry ni mtoto wa kawaida wa miaka 13 aliyepata kazi ya kuwa msaidizi wa Captain Man, anatafuna bigijii anapuliza puto nguo zinabadilika, na mwaka 2016 wakafanya episodi ya pamoja na akina Thunderman. Watoto walishangilia sana. Ila kule nguvu ni kazi, unatoka nyumbani unaenda kwenye nguvu. Kwa Thunderman nguvu ziko sebuleni na chooni na kwenye foleni ya bafu asubuhi, na hapo ndo komedi inakolea.

Maana ukiangalia jinsi wanavyochekesha, nguvu zenyewe ni tabia ya mtu iliyotokezea nje. Nora ana hasira za haraka na akili ya kupiga bei, ukimgusa pabaya macho yanawaka na kitu kinaungua, sasa nani hajawahi kumwona mtoto wa kike wa miaka 8 mwenye macho hayo. Billy kichwa kinachelewa miguu inawahi, anafika kabla hajajua kafuata nini. Barb umeme unamtoka akishikwa na hisia, akifurahi taa zinacheza, akikasirika taa zinacheza. Waandishi hawahitaji kukuelezea mtu anajisikiaje, unaona kwenye kuta za nyumba. Na kwa kuwa ile ni sitikomu, sebule moja, kochi katikati, ngazi, jiko, besimenti, shule, na pale wanapokula baga, Splatburger, basi kila nguvu ikilipuka inalipuka kwenye kitu tunachokijua, tunajua lile kochi limeshaungua mara ngapi na tunajua mama atasemaje. Hawana hela ya kubomoa mji kwenye kila episodi kama filamu za sinema, kwahiyo wanabomoa keki ya bethidei, na keki ya bethidei inauma kuliko mji maana mji hatuujui ila keki tuliona inavyopikwa.

Narudi kwa pacha. Nimemtetea Max ila nisingependa mtu afikiri simwoni Phoebe, maana Kulwa wa watu nao wana mzigo wao na dada yangu alishaniambia hili siku moja usiku umeme umekatika tumekaa nje. Phoebe anataka kuwa mkamilifu. Anapanga, anasimamia, anataka kusimamia hata pumzi za wadogo zake, anashindana kwenye vitu visivyohitaji ushindani na akishindwa anaumwa kabisa. Kira Kosarin anaicheza hiyo sehemu vizuri, ile sura ya mtu anayetabasamu huku moyo unakimbia. Ukiwa mtoto mwema wa nyumba huruhusiwi kuchoka. Max akifeli watu wanasema si ndo Max, Phoebe akifeli nyumba nzima inashtuka kama bei ya unga imepanda usiku. Na utaona kwenye episodi nyingi tu, Phoebe akiwa ameharibu kitu na anaogopa kumwambia baba, anashuka kwa nani? Anashuka besimenti. Kwa sababu Max hatamshangaa. Na Max, ambaye mchana wote alikuwa anapanga kumfedhehesha, anaacha mpango wake anamsaidia, analalamika huku anamsaidia. Hizo ndo episodi zangu za moyoni, pale wanapokuwa na siri moja dhidi ya wazazi, na sifikiri kuna pacha duniani ambaye hana siri ya namna hiyo na mwenzie.

Jambo lingine ninalolipenda ni kwamba hawakuwa na haraka na Max. Kipindi kingine kingemgeuza mtoto kuwa mwema kwenye episodi ya kumi, muziki laini, machozi, kumbatio, kesho yake amekuwa malaika. Hapa imechukua misimu mitatu. Anafanya wema kidogo, anauficha, anarudi kwenye uovu wake ili asionekane amelegea, anafanya tena. Anapata demu, Allison, binti mtetezi wa mazingira mwenye roho safi, na anaanza kujificha asimwone akiwa mbaya, badala ya zamani alivyokuwa anajificha asionekane akiwa mzuri. Halafu kuelekea msimu wa nne kunakuja ile episodi ndefu ambapo Dark Mayhem, yule adui ambaye Max amemwabudu tangu utotoni, anamfungulia mlango, na njia ya kuingia inapita juu ya dada yake. Kila kitu alichokuwa anakitangaza tangu msimu wa kwanza kiko mbele yake mezani. Na anasimama na dada yake.

Mi niliangalia ile episodi na wadogo zangu na watoto wa shangazi, sebule imejaa, na wale wadogo walishangilia pale mapambano yalipoanza, ila mi nilikuwa nimeshapata changu kabla ya hapo, pale uso wa Jack Griffo unapobadilika kwa sekunde chache tu. Kwangu lile ni tendo la mtu aliyekula chakula cha nyumba ile miaka yote hiyo. Kama Hank angekuwa alimfukuza akiwa na miaka 14, siku Dark Mayhem anafungua mlango Max angekuwa na sababu gani ya kugeuka nyuma? Angegeuka kumwangalia nani?

Naomba niseme na yale ambayo hayajanikaa sawa, maana kukipenda kitu si kukifumbia macho. Msimu wa nne umenipungukia chumvi. Max ameshakuwa mwema, anafanya mafunzo na Phoebe ya kuingia Z-Force, kikosi cha masupahiro wakubwa, na ingawa inapendeza kuwaona upande mmoja, kile kisu kilichokuwa katikati yao kimetoka na waandishi wakawa wanatafuta ugomvi sehemu nyingine. Pia Billy hawakumtendea haki, mtoto anakuwa kimo na umri lakini wanamrudisha kwenye utani ule ule wa kwamba haelewi, na Cherry, rafiki yake Phoebe, vivyo hivyo. Kipindi ambacho kimemtetea mtoto aliyebandikwa jina moja kisingepaswa kuwabandika wengine jina na kuwaacha nalo miaka mitano. Na kile kicheko cha nyuma kinazidi, kuna utani mzuri unazikwa na kelele zake.

Ila wale wanaosema vipindi hivi ni makelele tu vinaharibu watoto, mi nawaomba wakae waangalie episodi tano na mtoto, wasipitepite jikoni, wakae. Wasikilize mtoto anacheka wapi. Mtoto wa dada yangu, ana miaka saba, kila Max akiadhibiwa anauliza swali moja, atakula? Nikamjibu atakula. Anatulia anaendelea kuangalia. Sijui kama kuna mahubiri ya malezi yaliyowahi kufika pale swali la yule mtoto lilipofika.

Na kwa kuwa tumeshaongea pacha, mtakumbuka Super Sema, katuni iliyotoka YouTube tarehe 8 Machi 2021, Lupita Nyong'o akiwa mmoja wa watayarishaji wakuu na akitoa sauti ndani yake. Sema ni binti mdogo wa Kiafrika anapambana na Tobor, roboti mtawala asiye na moyo, na anapambana pamoja na nani? Na pacha wake, MB. Nilivyoona pacha nikafurahi mno. Pale hawagombani sana, wako bega kwa bega kutumia sayansi na ubunifu, na kwa watoto wadogo ni sawa kabisa. Ila natamani sana mtu wa kwetu, Dar au Mombasa au Kigoma au popote, atuandikie pacha wenye nguvu ambao wanagombana kweli, Kulwa na Doto wa kweli, wanakaa nyumba ya kupanga wanaficha nguvu zao kwa mama mwenye nyumba, bibi yupo, shangazi kaja kukaa wiki kakaa mwaka, na mmoja wao ameamua kuwa mtoto mbaya kwa sababu nafasi ya mtoto mzuri ina mtu. Nyumba zetu zina watu wengi kuliko za Hiddenville, siri moja ya nguvu pale ingezaa episodi mia mbili. Waandishi tunao, waigizaji watoto tunao, nimewaona kwenye michezo ya jukwaani wanafanya maajabu bila hata maiki.

Kwa wanaouliza kama imeisha kabisa, hapana. Tarehe 7 Machi 2024 ilitoka filamu, The Thundermans Return, na humo Kosarin na Griffo hawakuigiza tu, walikuwa pia kwenye orodha ya watayarishaji wakuu. Pacha wameshakuwa watu wazima, ndo masupahiro wenyewe kule Metroburg, afu oparesheni moja inaharibika na familia nzima inarudishwa Hiddenville. Kilichonigusa humo ni kwamba Billy na Nora wao wanafurahi kurudi, wanataka maisha ya shule ya kawaida, na wanaoona wamedhalilishwa ni pacha. Max sasa ndo anakimbilia ushujaa kuliko mtu yeyote, ana uchu wa kuurudia, na wakati mwingine anaukimbilia vibaya vile vile alivyokuwa anaukimbilia uovu, jambo ambalo nimeona ni la kweli sana, mtu akibadilika upande moto wake haubadiliki.

Halafu Januari 2025 ikaanza The Thundermans: Undercover. Humo Phoebe na Max wanahamia mji wa ufukweni unaitwa Secret Shores kumsaka adui kwa siri, na wamemchukua Chloe wakae nae. Yani sasa wale pacha ndo wazazi wa nyumba. Chloe yule wa kutokea kule na kupotea hapa amekuwa tineja, ana hasira zake, ana siri zake, na Max ndo anatakiwa kumwambia rudi mapema. Mi nimeianza na dada yangu, yeye yuko Mwanza mi niko Dar, tunawasha wakati mmoja tunapigiana simu. Mpaka sasa tunabishana kitu kimoja, yeye anasema Phoebe ndo anamlea Chloe vizuri maana ana ratiba, mi nasema ni Max, kwa sababu Chloe akikosea Max hashtuki, anavuta kiti anakaa. Hatujamaliza ubishi na hatujamaliza msimu, ijumaa tunaendelea.